Mikono ya Sam Spade na hukumu ya wasomaji

Popote inapojadiliwa riwaya ya The Maltese Falcon ya Mmarekani Dashiell Hammett, iliyotolewa kama kitabu na kampuni ya Alfred A. Knopf mwezi Februari 1930, wasomaji hawachelewi kugawanyika. Mgawanyiko huo hauhusu sana nani aliua, kwa maana kitabu chenyewe hulijibu swali hilo waziwazi. Unamhusu mpelelezi Sam Spade, na kama mtu wa namna yake anastahili kupendwa, kuaminiwa au hata kufuatwa kurasa zote hizo. Wako wanaomwona kuwa mwanamume thabiti katika mji uliooza, wako wanaomwona kuwa katili aliyebahatika kuangukia upande wa sheria siku ya mwisho, na wako, nao si wachache, wanaokifunga kitabu wakinung'unika kwamba hawakuruhusiwa kumjua, kwa kuwa mwandishi aliwafungia mlango wa moyo wake tangu ukurasa wa kwanza.

Makala haya yanashikilia kwamba nung'uniko hilo la mwisho, ambalo hutolewa kama kasoro, ndilo linalogusa thamani kubwa ya kitabu. Hammett aliwanyima wasomaji kwa makusudi kile ambacho hadithi nyingi hukitoa bure, yaani habari za yaliyomo moyoni mwa mtu, akawaachia vitendo, maneno na fedha inayopita mkono hadi mkono. Kwa kufanya hivyo aliwaweka mahali pale pale anapokaa kila mtu anayelazimika kuamua kama amwamini fundi, mkwe mtarajiwa, mshirika wa biashara, au mgeni aliyebisha hodi na kisa cha kusikitisha. Ni nani aliyewahi kupewa msimulizi wa kumnong'oneza kwamba mgeni huyo anasema uongo?

Mpelelezi asiye na kiko

Riwaya za upelelezi za Kiingereza zilizotangulia zilimzoesha msomaji mpelelezi mwenye akili kupita kiasi, anayekusanya dalili na mwishowe kuwaeleza wote waliokusanyika jinsi mambo yalivyokuwa, baada ya hapo mkosaji akaondolewa na utulivu ukarejea nyumbani. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu sura hiyo, kwa sababu ndiyo iliyomzaa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mtu mpole wa fikra ambaye msomaji hajiulizi hata siku moja kama ni mwema. Baadaye alikuja Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi mwenye bastola na misukosuko mingi, lakini naye anaitumikia nchi na ukombozi wa Afrika, hivyo wema wake umekwisha kuthibitishwa na kazi aliyotumwa.

Spade hatumikii nchi wala fikra. Yeye ni zao la mkondo wa Kimarekani ambao unaweza kuitwa upelelezi mkavu, maana yake riwaya ambamo mpelelezi ni mfanyakazi wa kulipwa anayeishi miongoni mwa wahalifu, anayepiga na kupigwa, na asiyetarajia kwamba kukamatwa kwa muuaji mmoja kutausafisha mji. Mkondo huo ulikulia katika majarida ya bei nafuu ya miaka ya 1920, yakiongozwa na Black Mask, ambalo ndilo lililoichapisha riwaya hii kwa sehemu tano kati ya Septemba 1929 na Januari 1930. Hammett aliijua kazi aliyoiandika, kwani tangu 1915 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa vipindi, alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton kabla kifua kikuu hakijamdhoofisha. Raymond Chandler, mwandishi mwenzake wa mkondo huo, alimsifu katika makala yake maarufu ya 1944 kwa kuyatoa mauaji katika majumba ya kitajiri na kuyarudisha kwa watu ambao huua kwa sababu wanazo sababu za kuua.

Sifa hiyo ni ya haki, lakini inayaacha nje mapinduzi makubwa zaidi, yaliyo katika usimulizi. Hammett anatumia nafsi ya tatu, ila si ile ya msimulizi maizi, yaani msimulizi anayeyajua mawazo ya kila mhusika na kuyatangaza apendapo. Msimulizi wake anaona na kusikia tu. Anaeleza jinsi uso wa Spade unavyoundwa na mistari ya herufi V, anaeleza macho yake yenye umanjano, anaeleza anachokula na anachokunywa, kisha ananyamaza pale ambapo msomaji angependa aendelee.

Saa nane na dakika tano usiku

Mwanzo wa sura ya pili unatosha kuonyesha ukimya huo unavyofanya kazi. Simu inalia gizani, mkono unapapasa, sauti inajibu kwa maneno machache, taa inawashwa, na saa ya kengele iliyo mezani inaonyesha saa nane na dakika tano usiku. Msomaji, aliyesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, anang'amua kwamba Miles Archer, mshirika wa Spade katika ofisi yao ya upelelezi mjini San Francisco, ameuawa. Mwandishi mwingine angetoa hapo machozi, au angalau hasira. Hammett anatoa aya nzima ya vidole vinavyosokota sigara: tumbaku inavyotandazwa katika karatasi iliyopindwa, inavyosawazishwa, vidole gumba vinavyouviringisha ukingo, ulimi unavyoulowesha. Hakuna neno hata moja la huzuni. Sigara inapokamilika, Spade anavaa na kwenda kunakohusika.

Juu ya aya hiyo wasomaji wametofautiana kwa karibu karne nzima. Mmoja anasema mtu anayeweza kusokota sigara kwa utulivu namna hiyo hana moyo. Mwingine anasema utulivu wenyewe ni kilio, kwa kuwa mikono imepewa kazi ili isitetemeke. Wote wawili wameongeza kitu ambacho hakimo, na hilo si kosa, mradi wajue kwamba wameongeza. Msomaji makini hubaki na mikono, akasubiri kuona itafanya nini baadaye. Na yanayofuata ni mazito: Spade anafika kichochoroni na kukataa kuteremka kuutazama mwili, asubuhi anaagiza jina la Archer lifutwe mlangoni, na mjane, Iva, anapokuja ofisini na kumkumbatia, inajulikana kwamba wawili hao walikuwa wapenzi marehemu akiwa hai. Mtu huyohuyo ndiye atakayemtia aliyemuua Archer mikononi mwa polisi, ingawa kufanya hivyo kunamgharimu pengine mapenzi ya kweli.

Dalili ya kumjua muuaji iko palepale kichochoroni, mbele ya macho ya msomaji. Bastola ya Archer imo nyongani, haijachomolewa, na koti lake limefungwa vifungo. Mpelelezi mzoefu hawezi kumfuata mtu wa hatari kwenye kichochoro chenye giza akiwa katika hali hiyo, lakini anaweza kuingia humo kwa hiari akiwa na mteja mrembo aliyemlipa vizuri. Waswahili wamekwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako. Spade anaufumbua ushahidi huo karibu na mwisho, na wasomaji wengi hushangaa, wakasahau kwamba walipewa kila kitu sura nyingi nyuma na wakapita bila kutazama, kwa sababu walikuwa wanahangaika kutafuta kama Spade amehuzunika. Palipowekwa koti na vifungo, wao walitafuta machozi.

Bei ya mshirika

Ikiwa hisia zimefichwa, fedha imeachwa wazi kabisa, na ni ajabu kwamba mijadala ya wasomaji huigusa kwa nadra. Mwanamke anayejitambulisha kama Miss Wonderly, ambaye baadaye anajulikana kuwa Brigid O'Shaughnessy, anaingia ofisini na kisa cha mdogo wake aliyetoroshwa, na anaweka mezani noti mbili za dola 100. Spade atamwambia baadaye, bila kuona haya, kwamba wao hawakukiamini kisa chake, waliziamini dola 200 zake, maana zilizidi kiasi ambacho mtu mkweli angelipa. Casper Gutman, tajiri mnene anayeisaka sanamu ya kozi, anampa Spade bahasha yenye noti kumi za dola 1,000. Na katika mazungumzo ya awali na Brigid, Spade anamweleza marehemu kwa ufupi wa kutisha: alikuwa na bima ya dola 10,000, hakuwa na mtoto, na mkewe hakumpenda. Bei ya bima ya mtu aliyekufa na bei ya bahasha ya Gutman ni moja, na Hammett, kwa desturi yake, haweki alama yoyote ya kumwonyesha msomaji.

Chanzo cha yote ni hadithi ya kihistoria iliyochanganywa na ubunifu. Ni kweli kwamba mwaka 1530 Mfalme Charles wa Tano aliwapa kisiwa cha Malta mashujaa wa kidini wa Mtakatifu Yohane kwa sharti la kutoa kozi mmoja kila mwaka, kozi akiwa ndege wa kuwindia. Sanamu ya dhahabu yenye vito ambayo Gutman anadai ilitumwa kwa mfalme ni mali ya riwaya. Gutman ameitafuta kwa miaka 17. Watu wanauawa, meli inachomwa moto, binti yake mwenyewe analeweshwa dawa, na siku sanamu inapowekwa mezani anaikwangua rangi nyeusi kwa kisu kidogo na kukuta risasi, ile metali nzito isiyo na thamani. Tamaa mbele, mauti nyuma. Wasomaji wanaosema kwamba mwisho huo umewapokonya haki yao, kwa kuwa hazina waliyoisubiri haipo, wanastahili kuulizwa swali moja: katika kurasa zote zile, ni mhusika gani aliyewahi kuikwangua sanamu hiyo kabla ya kumwaga damu kwa ajili yake?

Hapo ndipo riwaya ya San Francisco ya 1928, mwaka ambao visa vyake vimewekwa, inapoingia katika kaya ya kawaida bila kubisha hodi. Familia inayouza shamba ili kununua kiwanja chenye hati ya kughushi, kikundi cha akina mama kinachotoa akiba yake kwa mtu aliyeahidi faida maradufu, kijana anayelipia nafasi ya kazi ng'ambo ambayo haipo: wote wamefanya alichofanya Gutman, wameipenda hadithi ya kitu kabla ya kukigusa kitu chenyewe. Mzazi anayemkataza mwanawe kusoma riwaya za upelelezi kwa madai kwamba ni vitabu vya kupotezea muda na kufundishia uhalifu, hajafikiria ni mafunzo gani hasa yanayopatikana kwa kumfuata mtu anayehesabu noti na kujiuliza mbona zimezidi. Fasihi pendwa, yaani ile inayosomwa na umma mpana kwa ajili ya burudani, imedharauliwa mashuleni kwa muda mrefu mno, na gharama ya dharau hiyo hulipwa na vijana wanaoweza kutaja tamathali zote za usemi lakini wasioweza kumsoma tapeli.

Mtu aliyeponea chupuchupu

Katikati ya kitabu kuna kisa ambacho wasomaji wengine hukiruka na wengine hukiona kuwa bora kuliko riwaya nzima. Spade, akiwa anasubiri mgeni pamoja na Brigid, anamsimulia habari za mtu aitwaye Flitcraft wa mji wa Tacoma, mwenye mke, watoto wawili wa kiume na biashara nzuri ya majengo, ambaye siku moja ya 1922 alitoka kwenda kula chakula cha mchana na boriti ikaanguka kutoka jengo lililokuwa likijengwa, ikapasua barabara kando yake na kumchubua shavu. Flitcraft aliona kwamba maisha aliyoyadhani yamepangwa hayakuwa na mpango, na siku hiyohiyo akaondoka bila kuaga. Miaka mitano baadaye alipatikana Spokane kwa jina jingine, na mke mwingine anayefanana na wa kwanza, na mtoto, na maisha yaleyale. Alikuwa amejizoesha boriti zinazoanguka, na zilipoacha kuanguka akajizoesha kutoanguka kwake.

Wachambuzi wamekipenda kisa hiki kwa falsafa yake, na ni haki yao. Hata hivyo, karibu mijadala yote humfuata mwanamume barabarani na kuisahau nyumba aliyoiacha. Flitcraft hakumwachia mkewe dhiki, kwani mali yake ilifikia kiasi cha dola 200,000, na mke alipoambiwa ukweli aliona upuuzi mtupu na kumaliza ndoa kimyakimya ili kusiwe na aibu. Lakini ni nani aliyewaeleza wale watoto wawili, na aliwaeleza nini? Hammett halisemi hilo, na msomaji wa Afrika Mashariki, ambako nyumba nyingi zinamjua baba aliyekwenda mjini kutafuta riziki na kuanzisha familia nyingine huko, analiona pengo hilo haraka kuliko profesa anayetafuta falsafa. Brigid, aliyesimuliwa kisa hicho, anakisifu kwa heshima na mara moja anarudi kwenye mambo yake. Hajasikia chochote, na boriti yake inakuja.

Malalamiko yenye haki

Kumtetea Hammett kusigeuke kuwa kumsafisha. Wasomaji wanaolalamikia namna kitabu kinavyowatendea wanawake wana ushahidi mkononi. Noti moja ya dola 1,000 inapotoweka, Spade anamlazimisha Brigid avue nguo zote mbele yake chooni ili ahakikishe hakuificha, na inabainika kuwa aliyeificha ni Gutman, kwa kumjaribu. Kuna wanaosema kwamba tendo hilo linafuata kanuni ileile ya kutoamini hadithi bila kuikwangua. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu Gutman, mwanamume, hakuambiwa avue kitu. Alitazamwa usoni, akakiri. Kanuni ya Spade ina mtu mmoja wa kuvuliwa na mwingine wa kuzungumziwa, na tofauti hiyo haitokani na ushahidi.

Joel Cairo, mwingine wa wanaoisaka sanamu, naye anaonyeshwa kwa dharau iliyo dhahiri, kwa ugeni wake, manukato yake na kuwapenda kwake wanaume wenzake. Hapa ndipo usimulizi unaojidai kuona tu unapojifichua, maana jicho linalochagua ni kipi cha kutazamwa katika mwili wa mtu limekwisha kuhukumu kabla mtu huyo hajafungua kinywa. Msomaji aliyefundishwa na Hammett kutoamini maneno matamu ana wajibu wa kutomwamini hata Hammett katika sehemu hizo.

Kuhusu Brigid mwenyewe, ubishi mkubwa ni kama Spade alikuwa sahihi kumkabidhi kwa polisi. Sababu anazozitaja ni nyingi na kavu: mtu akiuawa mshirika wake anapaswa kufanya kitu, haidhuru alimwonaje, biashara ya upelelezi ingeharibika kila mahali kama wauaji wa wapelelezi wangeachiwa, na akimficha, kila mmoja wao atakuwa na siri ya kumnyongea mwenzake. Upande wa pili wa mizani anaweka jambo moja tu, kwamba pengine wanapendana. Wasomaji wanaoona ukavu huo kuwa uthibitisho wa unyama hawajajiuliza kwa nini mtu asiye na hisia ahitaji sababu nyingi hivyo. Orodha ni ndefu kwa sababu jambo lile moja ni zito. Inafaa pia kukumbuka kwamba mwaka 1951 Hammett mwenyewe alikwenda jela kwa kukataa kuitajia mahakama majina ya waliochangia mfuko wa dhamana aliokuwa mdhamini wake. Aliyemwandika mtu anayekabidhi alichagua yeye kutokabidhi, na kila msomaji anayedhani Spade ni picha ya mwandishi hana budi kulitafakari hilo.

Asubuhi ya Jumatatu

Wengi waliomjua Spade walimjua kwanza kupitia filamu ya John Huston ya 1941, ambamo Humphrey Bogart alimwigiza kwa ustadi ambao haujafutika. Filamu hiyo inakifuata kitabu kwa uaminifu usio wa kawaida, lakini imekiacha kisa cha Flitcraft, na imeiacha pia asubuhi ya Jumatatu ambayo ndiyo mwisho halisi wa riwaya. Katika filamu, Brigid anateremshwa kwa lifti na Spade anabaki shujaa aliyeumia. Katika kitabu, anarudi ofisini saa tatu na dakika chache, na Effie Perine, katibu wake, yuko na gazeti.

Effie alikuwa amemwamini Brigid na kumtetea. Sasa anauliza, anajibiwa, na anasema kwamba anajua Spade alifanya lililo sawa, kisha anamwomba asimguse kwa sasa. Muda mfupi baadaye mlango unatikiswa na Iva, mjane wa Archer, ambaye Spade amekuwa akimkwepa kitabu kizima, na anaagiza aingizwe. Watetezi wa Spade humlaumu Effie kwa kujipinga: ikiwa anakubali kwamba tendo lilikuwa sahihi, mbona anajitenga na aliyelitenda? Lakini kukubali kwamba muuaji alistahili kukamatwa ni jambo moja, na kutaka kushikwa na mkono uliotoka kumkabidhi mwanamke uliyelala naye ni jambo jingine, na hakuna sheria ya mantiki inayoyafunga pamoja.

Zaidi ya hayo, Effie hatoi hukumu hiyo kwa kusikia. Katika sura ya kumi na sita, nahodha Jacobi wa ile meli iliyochomwa alipoanguka ofisini akiwa amejaa risasi na kufa na kifurushi cha sanamu, alikuwepo. Alimwona Spade akishangilia kifurushi na kukanyaga, bila kujua, mkono wa maiti hadi nyama ya kiganja ikabanwa chini ya kisigino. Kisha akaachwa peke yake na mwili ule, akawapigia polisi, na kwa maagizo ya bosi wake akawaeleza yote isipokuwa habari za kifurushi. Wasomaji wanaombishia juu ya asubuhi ile waanzie hapo.